Kitabu cha Wageni

Tarehe mosi Februari, saa mbili kasorobo,
joto limekwisha kaa juu ya bati
la Shule ya Mtakatifu Brigida, Kooralee,
mji wa maghala ya ngano na barabara moja,
kusini mwa Australia,
na kasuku weupe wanagombana kwenye waya wa simu
kana kwamba nao wamechelewa Misa.

Mimi karani nakaa dirishani
na kalamu iliyofungwa uzi.
Kila aingiaye huandika:
jina, saa, sababu ya kuja, namba ya kadi.
Mama Jeswin: mikate ya mchele, themanini.
Babu yake Thuy-Linh: kufunga maturubai.
Mama Akec, mwenye sauti ya kupasua vigae: kuimba.
Fundi wa kinanda: kile kile cha mwaka jana.

Kisha Askofu.
Gari jeupe, vumbi jekundu,
tabasamu la kubariki watu kwa jumla.
Ndiye aliyemzika mama yangu; huniita kwa jina la utotoni.
Akalipita dirisha langu kama maji yapitavyo jiwe.
"Baba Askofu," nikasema, "kitabu."
Akacheka. Padre Lorcan akakohoa.
Mwalimu mkuu akakumbuka kutazama viatu vyake.
Nikaisogeza kalamu mpaka uzi ukakaza.

Akaandika.
Kwenye sababu ya kuja akasita kidogo,
kama mtu ambaye hajaulizwa hivyo siku nyingi,
akaweka: Misa.
Nikampa beji ya plastiki, namba saba,
ikaning'inia kando ya msalaba wa dhahabu.

Tulilelewa na neno moja:
mgeni njoo, mwenyeji apone.
Mlango wazi, chai mezani,
na kola nyeupe haikuulizwa itokako wala iendako.
Mwaka wa sabini na nane hapakuwa na kitabu.
Palikuwa na chumba nyuma ya sakristia
na kaka yangu Fergus, miaka tisa,
aliyerudi nyumbani kimya, akakataa chakula,
akakataa tena kutumikia altareni,
na mama akamchapa kwa ajili ya Mungu.
Hakuna aliyeandika saa ya kuingia.
Hakuna aliyeandika saa ya kutoka.
Mimi najua: hakuwa ametoka.

Darasa la pili, Bi Castellino anafundisha vidole vitano:
watu watano wa kuambiwa
jambo likikukaa vibaya tumboni,
hata kama aliyelifanya ni mtu mzuri,
hata kama amesema ni siri.
Jeswin ana kidole cha sita, mbwa wake.
Bi Castellino amekubali.

Wanangoja mabua wasuke misalaba ya Brigida.
Kwao mtakatifu yalikuwa matete;
mto wetu umekauka, tunasuka ngano.
Kila mwaka Fergus huyaacha getini, mafungu kumi,
gari halizimwi.

Leo lilizimwa.
Akaja dirishani, kofia mkononi,
akausoma mstari ulio juu ya kidole chake.
"Huyu kaandika?"
"Kaandika."
"Mwenyewe?"
"Mwenyewe."
Akavuta kalamu. Jina. Saa.
Sababu ya kuja: mabua.
Hana kadi, kwa hiyo nikamsindikiza.
Kanuni haina kaka.

Alikaa kwenye kiti cha mtoto, magoti karibu na masikio,
akamwonyesha Akec namna ya kulainisha bua kwa maji
ili lisivunjike linapokunjwa.
Kengele ya Misa ilipolia hakuingia kanisani.
Sikumwomba.
Akarudi dirishani, akaandika saa ya kutoka:
tatu na dakika ishirini.
Akapiga mstari chini yake. Mara mbili.

Mchana, mikate imeisha, maturubai yameshuka,
Askofu akapanda gari bila kusaini.
Nikaukata uzi
nikamkimbilia.